Kupaka Rangi Banda la Mifugo: Kumbukeni Ulimi wa Ndama



Siku hizi vikundi vingi vina banda la pamoja. Kwingine ni banda la beberu wa maziwa, ambapo wanachama huleta mbuzi wao majike wakae siku mbili tatu mpaka wapandwe. Kwingine ni zizi la ng'ombe wa kikundi, au chumba cha ndama wanaongoja kupewa wanachama. Banda la namna hii ni kama nyumba ya wageni. Leo analala huyu, kesho analala yule. Basi kila mtu angependa liwe safi na lipendeze, na mara nyingi jambo la kwanza kusemwa mkutanoni ni hili: "Tuchange pesa tulipake rangi."

Wazo ni zuri. Rangi nzuri huzuia mbao kuoza na mabati kushika kutu, na ukuta uliopakwa ni rahisi kusafisha. Lakini ngoja kidogo. Kabla hamjatuma mtu dukani, tuwasimulie yaliyopata kikundi kimoja tulichokitembelea.

Kikundi hicho kilipata mbao za bei rahisi kutoka nyumba ya zamani iliyobomolewa. Zilikuwa mbao nzuri, nzito, na zilikuwa bado na rangi ya kijani iliyoanza kubambuka. Wanachama wakafurahi: mbao zimepatikana, na rangi iko tayari! Wakatenga chumba cha ndama kwa mbao hizo. Baada ya wiki chache ndama mmoja akaacha kunyonya. Akawa anasaga meno, anajigonga ukutani kama kipofu, kisha anasimama amekaza kichwa pembeni. Wakadhani ni ndigana, wakanunua dawa. Siku ya tatu akafa.

Afisa wa mifugo alipokuja, hakumtazama ndama peke yake. Alitazama na mbao. Chini, kwa kimo cha kichwa cha ndama, rangi ilikuwa imelambwa mpaka mbao ikabaki tupu. "Huyu hakuuawa na kupe," akasema. "Amekula ukuta wenu."

Ndama huyo alikuwa jike. Alikuwa ameahidiwa mama mmoja aliyengoja zamu yake miaka miwili. Ndiyo sababu tunaandika makala haya.

MSTARI WA ULIMI

Sisi binadamu tunaona rangi kwa macho. Ng'ombe, mbuzi na sungura huionja. Ndama hulamba kila kitu, hasa akikosa chumvi au akichoka kufungiwa. Mbuzi hutafuna kona za mbao. Kuku hudonoa vipande vinavyoanguka. Kwa hivyo kumbukeni jambo moja, hata kama mtasahau mengine yote: rangi iliyo karibu na mdomo wa mnyama ni chakula chake.

Kabla ya kununua chochote, chukueni kipande cha makaa mkachore mstari ndani ya banda lote. Mstari upite pale ambapo ulimi wa mnyama mrefu kuliko wote unafika, kisha mwongeze urefu wa mkono mmoja. Msisahau kwamba mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma. Hori la chakula, chombo cha maji, lango na nguzo za kati zihesabiwe kuwa ziko chini ya mstari, hata kwa upande wa nje kama mnyama anaweza kupenyeza kichwa.

Chini ya mstari tumieni chokaa tu, au mwache mbao tupu iliyolainishwa kwa randa. Rangi za dukani zikae juu ya mstari. Mkigawa banda hivi, mtapunguza hatari na pia mtapunguza gharama, kwa sababu chokaa ni rahisi kuliko rangi.

RANGI KUUKUU NA MADINI YA RISASI

Kwa nini ndama yule alikufa? Zamani rangi nyingi za mafuta zilitiwa madini ya risasi, yaleyale yaliyomo ndani ya betri za magari. Yalifanya rangi ikauke upesi, idumu na ing'ae. Rangi kali za njano, machungwa, nyekundu na kijani ndizo zilizokuwa nayo kwa wingi, pamoja na rangi nyekundu ya kwanza iliyopakwa juu ya vyuma kuzuia kutu. Risasi ina ladha tamutamu, na hilo halisaidii.

Risasi ikiingia mwilini huharibu ubongo, damu na figo. Haitoki upesi, na ng'ombe aliyeila huipitisha katika maziwa. Wanaodhurika zaidi ni walio wadogo, ndama pamoja na watoto wetu. Wakenya wengi walisikia habari hizi kutoka Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilidhuru watu wa kijiji kizima.

Huwezi kutambua risasi kwa macho. Kwa hivyo tunawashauri hivi:

1. Mbao, milango au mabati yenye rangi ya zamani yasitumiwe chini ya mstari. Hata mkipaka chokaa juu yake, ulimi utaipita.

2. Msipige msasa mkavu rangi ya zamani, wala msiichome kwa moto. Vumbi lake na moshi wake ndivyo vinavyoingia mapafuni. Ikiwa lazima muiondoe, ilowesheni kwa maji kwanza, tandazeni karatasi ya nailoni chini, kisha mkwangue taratibu. Watoto na akina mama wajawazito wawe mbali.

3. Vipande vyote vikusanywe ndani ya nailoni na kufungwa. Visitupwe shambani, wala kwenye shimo la mbolea. Mwulizeni afisa wa afya ya umma mahali pa kuviweka. Aliyefanya kazi aoge na kufua nguo zake kando, kabla ya kushika mtoto au chakula.

4. Mkinunua rangi mpya, nunueni mkebe uliofungwa, wenye jina la kiwanda, alama ya ubora na maandishi ya kusema haina risasi. Viwango vya Kenya haviruhusu rangi kuwa na risasi zaidi ya sehemu 90 katika kila sehemu milioni 1. Lakini ile ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na maandishi, nani ajuaye imetoka wapi?

CHOKAA: RANGI YA CHINI YA MSTARI

Chokaa ni kitu cha kale, na wengine hukidharau. Hebu tuone inavyofanya kazi. Mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri lenye joto kali sana, mpaka yanakuwa chokaa mbichi, inayochemka ikiguswa na maji. Ikishazimwa kwa maji inakuwa unga mweupe. Unga huu ukichanganywa na maji na kupakwa ukutani, huvuta hewa ya ukaa na kugeuka kuwa jiwe tena. Yaani mnapaka ukuta kwa jiwe jembamba. Halina risasi wala halinuki. Tena likiwa bichi ni kali kiasi cha kuua vijidudu vingi na kuziba nyufa wanamojificha utitiri wa kuku wakati wa mchana.

Kuna chokaa za aina tatu madukani, na watu huzichanganya:

Chokaa iliyozimwa, ambayo mafundi hutumia kwa kujenga. Hii ndiyo mnayoitaka.

Chokaa ya shamba na chokaa ya kuchanganya na chakula cha mifugo. Hizi ni mawe yaliyosagwa tu bila kuchomwa. Hazishiki ukutani. Mtapaka leo, kesho mtaifuta kwa kiganja.

Chokaa mbichi isiyozimwa. Hii huchemka ikiguswa na maji na inaweza kumchoma mtu vibaya. Mwachieni fundi anayeijua.

Mkiwa na shaka kuhusu unga mlio nao, chukueni kijiko kimoja mkaukamulie ndimu. Ukitoa povu jingi kama soda, huo ni mawe yaliyosagwa, au ni chokaa iliyozimwa iliyokaa wazi mpaka ikachoka. Usipotoa povu, au ukitoa kidogo tu, unafaa.

Jinsi ya kuchanganya:

Chukueni chokaa iliyozimwa ndoo moja ya lita 20, ambayo ni karibu kilo 10. Wekeni maji nusu ndoo ndani ya pipa au karai kubwa, kisha mwage chokaa ndani ya maji kidogo kidogo huku mkikoroga. Itakuwa kama uji mzito. Ifunikeni mpaka kesho yake. Asubuhi ongezeni maji nusu ndoo nyingine, au zaidi kidogo, mpaka iwe kama maziwa. Chujeni kwa gunia safi au chandarua kikuukuu ili mabonge yasizibe brashi.

Wengi huongeza chumvi ili chokaa ishike. Ni kweli chumvi husaidia, kwa sababu huifanya ikauke polepole. Lakini fikirini: mkitia chumvi ukutani mmemwita ng'ombe aje alambe! Tena chumvi hula misumari na mabati. Basi chumvi isitiwe chini ya mstari. Badala yake wekeni maziwa yaliyoondolewa siagi, lita 1 au 2 kwa mchanganyiko huo. Maziwa yakikutana na chokaa hufanya gundi. Ila mchanganyiko wenye maziwa umalizwe siku hiyohiyo, maana utaoza.

Jinsi ya kupaka:

Kwanza ondoeni mavi, utando wa buibui na chokaa ya zamani inayobambuka. Sugueni ukuta kwa maji na sabuni. Chokaa ikipakwa juu ya uchafu haiui kitu, na itaanguka pamoja na uchafu huo. Kisha nyunyizieni ukuta maji mpaka uwe na unyevu bila kuchuruzika. Pakeni nyembamba. Mwanzoni mtadhani hamjapaka kitu, kwa sababu chokaa mbichi haionekani sana. Msiongeze! Ngojeni ikauke, itageuka nyeupe yenyewe. Kesho yake pakeni mara ya pili, na keshokutwa mara ya tatu. Mipako mitatu myembamba hudumu kuliko mmoja mnene, ambao hupasuka kama matope ya kiangazi. Fanyeni kazi asubuhi au jioni. Jua kali hukausha chokaa kabla haijawa jiwe.

Chokaa hushika vizuri kwenye udongo, mawe, matofali, simiti na mbao isiyo laini sana. Haishiki juu ya rangi ya mafuta, na si ya mabati.

JIHADHARINI NA MACHO. Tone moja la chokaa likiingia jichoni linaweza kupofusha. Anayepaka avae miwani, glavu au mifuko ya nailoni mikononi, na nguo ya mikono mirefu. Ndoo ya maji safi iwe karibu wakati wote. Chokaa ikiingia jichoni, osheni jicho kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 bila kuacha, kisha mpelekeni mgonjwa hospitali hata akisema amepona. Watoto wasitumwe kazi hii.

Tena tusidanganyane: chokaa si dawa ya kila ugonjwa. Nguvu yake ya kuua vijidudu hupungua kadiri inavyogeuka kuwa jiwe. Kuharisha damu kwa kuku, kwa mfano, huzuiliwa zaidi kwa matandiko makavu kuliko kwa chokaa. Mgeni akiwa na upele au mabaka ya choa, atengwe na kutibiwa, na chumba chake kisuguliwe na kupakwa upya kabla ya mwingine kuingia.

NGUZO NA MBAO

Hapa tutawaudhi wengine. Katika vijiji vyetu nguzo nyingi hupakwa oili chafu ya gari ili mchwa wasile. Ni ya bure, au karibu bure. Lakini oili iliyotumika ina madini mabaya na masizi ya injini, na ng'ombe huipenda ajabu. Ingawa petroli yenye risasi iliondolewa Kenya kufikia mwanzo wa mwaka 2006, oili ya gereji bado ni sumu. Msiipake mahali ambapo mnyama anafika, wala karibu na kisima. Lami na dawa nyeusi za nguzo za simu nazo ni vivyo hivyo.

Mfanye nini basi? Mkiweza, tumieni mbao ya mwerezi, ambayo yenyewe humshinda mchwa. Simamisheni nguzo juu ya msingi wa simiti au jiwe, isiguse udongo wenye mkojo. Nguzo nyingi huoza pale zinapokutana na ardhi, kwa hivyo mkipainua na kupakausha mmefanya zaidi ya rangi yoyote.

Nguzo za kijani zilizotiwa dawa kiwandani hudumu miaka mingi. Ziacheni zikauke vizuri kabla ya kuzitumia, na msitengeneze hori la chakula kwa mbao zake. Na vipande vinavyobaki MSIVICHOME, wala msivipikie. Nyingi zina dawa yenye aseniki, na aseniki hubaki ndani ya jivu. Ng'ombe hulamba jivu kwa sababu lina ladha ya chumvi, na kiasi kidogo tu huua.

JUU YA MSTARI: RANGI ZA DUKANI

Mabati, milango ya nje na mbao za paa ndizo zinazohitaji rangi ya dukani. Rangi hudumu kwa sababu ya kazi inayofanywa kabla mkebe haujafunguliwa. Mkikuta rangi inabambuka baada ya msimu mmoja, mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi:

Ukuta ulikuwa na unyevu. Mbao mbichi au ukuta unaovuta maji kutoka chini husukuma rangi nje. Chimbeni mfereji wa maji ya mvua kwanza, halafu mje kwenye rangi.

Simiti ilikuwa mpya. Simiti mpya ni kali na hula rangi ya mafuta. Ngojeni angalau mwezi mmoja.

Kutu haikuondolewa. Sugueni bati kwa brashi ya waya, lifuteni, mlipake rangi ya kwanza ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kisha rangi ya juu mara mbili. Lakini kumbukeni onyo la hapo awali: kama bati lina rangi ya zamani, lisisuguliwe kavu.

Rangi ya ndani ilitumiwa nje. Rangi ya maji ya ndani ya nyumba haihimili mvua wala mvuke wa mkojo. Chagueni ya nje.

Banda halina hewa. Ukiingia asubuhi macho yakakuwasha, ujue mvuke wa mkojo unakula rangi, mabati na mapafu ya wanyama pamoja. Fungueni nafasi juu ya ukuta, chini ya paa.

KABLA WANYAMA HAWAJARUDI

Wanyama watolewe siku ya kuanza kazi, wasirudi mpaka rangi ikauke kabisa. Kwa chokaa ngojeni siku 2 hadi 3 baada ya mpako wa mwisho. Kwa rangi ya mafuta ngojeni wiki moja au mpaka harufu iishe, hasa kwa kuku, ambao mapafu yao hayavumilii moshi wala harufu kali. Hapo katikati wanachama wakubaliane nani atalala na mnyama gani. Okoteni misumari, mikebe, matambara na brashi zote. Mkebe wa rangi usigeuzwe kuwa chombo cha kunyweshea maji. Tumeona jambo hilo mara nyingi mno.

Jengeni desturi ya kupaka chokaa mara mbili kwa mwaka, wakati wa ukavu: Januari au Februari kabla ya mvua ndefu, na Agosti au Septemba kabla ya mvua fupi. Mahali ambapo mvua zenu hufuata kalenda nyingine, fuateni yenu. Na jiwe la chumvi la mifugo lisikosekane bandani. Ng'ombe aliyeshiba madini ana haja ndogo ya kula ukuta.

Kikundi kile tulichokisimulia kilitoa mbao zote za kijani. Chumba cha ndama sasa kina ukuta wa udongo uliopakwa chokaa, na mstari wa makaa bado unaonekana juu yake. Yule mama bado anangoja zamu yake. Ng'ombe ana mimba tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Katika banda letu, ulimi wa mnyama unafika wapi? Nani atachora mstari, na lini?

2. Je, kuna mbao, mlango au bati lenye rangi ya zamani? Lilitoka wapi?

3. Nani kati yetu bado anapaka oili chafu? Tutasaidianaje kupata njia nyingine?

4. Nani ataweka miwani na glavu za kikundi, ili zisipotee?

5. Mnyama mgeni akija akiwa mgonjwa, chumba kitasafishwa na nani kabla ya mwingine kuingia?